Majaketi ya Kuhesabiwa

Mchuzi wa omena ulimwagika juu ya jaketi la kuokoa maisha siku ya Jumapili, saa nane mchana, katika chumba cha Celine na Obiero huko Kisumu Ndogo, Kibera. Aliyeumwaga ni Obiero. Alikuwa anavuka rundo la majaketi kumi ambayo mkewe alikuwa ameyaleta nyumbani kuyashonea tepe za kung'aa, sahani mkono huu, simu mkono ule, na chumba chenyewe hakina nafasi ya mtu mwenye haraka.

"Baba Audrey," Celine akasema, "nikikatwa pesa ya hiyo, wewe ndio utaenda kueleza bosi."

"Si unaosha tu. Kwani jaketi ya maji inaogopa maji?"

Alisema hivyo kwa utani, akaketi akala kilichobaki. Celine alilitia jaketi kwenye karai mlangoni, akapaka sabuni, akalikandamiza kwa mikono miwili kama anavyofua blanketi. Likatoa mapovu. Akaingia ndani kutafuta brashi, na aliporudi jaketi lilikuwa limelala chini ya karai. Akaliinua upande mmoja, akaliachilia. Likashuka tena.

Kwanza aliilaumu sabuni. Akachukua jaketi la pili, safi, akalitupa kwenye pipa la maji ambalo Obiero alikuwa amelijaza asubuhi. Hilo likaelea vizuri, la rangi ya machungwa, la kupendeza, naye akacheka kwa kujitisha bure. Halafu akakumbuka kwamba mtu akianguka ziwani hatulii kama nguo iliyoanikwa. Anapiga mikono, anapanda, anashuka. Akalisukuma chini mara moja, mara mbili, mara kumi. Watoto walipomaliza kula na sahani kutolewa, juu ya maji kulikuwa kumebaki ukanda mmoja tu. Aliposukuma tena, na huo ukaenda.

Obiero alikuja akainama juu ya pipa. "Hapo ndani mnaweka nini?"

"Sponji. Vile vipande vya godoro hubaki kiwandani."

"Na sponji si huelea?"

"Hata mimi nilidhani."

Wote walidhani. Mafundi sita wa bosi wake Muchiri, kule Kawangware, walishona miezi mitatu wakidhani, kwa sababu kipande cha sponji kikavu ukikitupa majini hukaa juu, na hakuna aliyekuwa na muda wa kusimama kukitazama. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea. Celine alizaliwa kando ya ziwa, lakini kwao wasichana walipelekwa ziwani na mitungi, wavulana ndio waliokwenda kucheza.

Akaifungua simu, akaitafuta picha ambayo kaka yake Austine, nahodha wa boti ya abiria, alikuwa ametuma Ijumaa. Mama yao alisimama kando ya boti katika ufuo wa Lwanda Rateng', kidevu juu, jaketi jipya kifuani, moja la mzigo wa kiwandani ambalo Celine alikuwa amemwomba Austine ampe mama. Celine akaikuza picha mpaka kola ikajaa kioo. Kule kwa Muchiri fundi hulipwa kwa kipande, na ili kusiwe na ubishi wa malipo Jumamosi, kila mmoja huacha alama yake chini ya kola, mishono mitatu ya uzi wa rangi yake. Mutheu, anayekaa naye meza moja, ni mwekundu. Celine ni kijani.

Mishono ilikuwa mitatu, ya kijani.

Na nani aliyempa Muchiri soko la Lwanda Rateng'? Celine mwenyewe. Maofisa walipoanza kusimama ufuoni na kuzuia boti zisizo na majaketi, ni yeye aliyempelekea bosi namba ya mwenye boti ya Austine. Muchiri akamnunulia soda mbele ya wote, akasema hivi ndivyo mfanyakazi anavyofaa kuwa. Celine aliinywa ile soda polepole ili kila mtu aione.

Akampigia Austine. Walizungumza Kijaluo, haraka, kwa kuwa salio lilikuwa kidogo.

"Toa yale majaketi botini," Celine akasema. "Yanazama."

"Nitoe? Bila majaketi hatutoki hapa. Wanahesabu vichwa, wanahesabu majaketi, hesabu zikilingana tunaenda. Mwenye boti amesema tukirudishwa mara moja nyingine atatafuta nahodha mwingine."

"Na huwa wanayaweka majini?"

"Akina nani?"

"Hao maofisa."

Austine akacheka. "Huwa wanayaweka kwenye karatasi."

Simu ikanyakuliwa na mama. Hakuuliza habari za watoto, alikuwa na yake. Alisema Alhamisi anavuka kwenda soko la kisiwani na nyanya zake, na safari hii abiria watajua mwanawe ni nani. "Miaka yote nilikuwa nakaa katikati ya boti, nimeshika mbao mpaka vidole vinakufa ganzi," akasema. "Sasa nakaa ukingoni kabisa, upepo unipige. Nina kazi ya mkono wako kifuani, niogope nini?"

"Mama, usivuke Alhamisi. Na ukivuka, usikae ukingoni. Hilo jaketi ni bovu."

"Nimelionyesha kanisa zima," mama akasema. "Kama unajutia zawadi, sema unajutia. Usinifanye mtoto." Akakata.

Celine alibaki na simu mkononi, na hofu iliyomshika haikuwa ya kazi wala ya bosi. Ilikuwa ya mwanamke mmoja mzito wa miaka sitini na minne, ambaye hajui kuogelea, aliyehamia ukingoni mwa boti kwa sababu yake.

Jumatatu asubuhi alimkuta Muchiri uani, kati ya nyumba zake za kupangisha na kibanda cha mabati cha mafundi. Muchiri hakuwa mtu wa kelele. Shamba la baba yake lilikuwa limegeuka ploti nne, kisima na kazi za tenda, naye aliyachukulia yote kama mvua iliyonyesha kwake tu. Alimsikiliza Celine hadi mwisho huku akichokoa meno.

"Mama Audrey, umewahi kuona hawa watu wakianguka kwa maji?"

"Nimeona."

"Wangapi? Kwa mwaka?" Hakungoja jibu. "Na kukaguliwa je? Ni kila siku. Hiyo jaketi si ya maji. Ni ya kukaguliwa. Serikali imesema iwe orange, iwe na filimbi, iwe na tepe. Mimi nimeweka. Mahali imesema sponji ama si sponji, nionyeshe."

"Mama yangu anavaa hiyo jaketi."

"Basi nitampea moja poa, kama ile ya sampuli. Bure. Umefurahi?"

Hapo ndipo Celine alipomjua. Jaketi moja zuri lilikuwapo, lilining'inia ofisini, limejazwa foamu nzito ya kweli ambayo hainywi maji. Ndilo lililoonyeshwa wageni. Kumbe bosi alijua tofauti tangu mwanzo. Mafundi ndio waliokuwa hawajui.

"Na wale wengine kwa boti?" akauliza.

Muchiri akatupa kijiti. "Jumatano ofisa anakuja kupiga muhuri majaketi mia moja themanini. Nataka uwe supavaiza baada ya hiyo. Ama uende nyumbani sasa hivi, kuna watu hapo nje kwa gate wanajua kushona. Fikiria kama mtu mkubwa."

Kibandani, Mutheu alikuwa ameyasikia yote. Mabati hayazuii kitu. "Mimi ni wa Kitui," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Ziwa nimeliona kwa kalenda. Lakini nina watoto watatu, Celine. Ukifunga hii kazi, sisi tutakula nini?"

Celine alikaa kwenye cherehani yake mpaka jioni bila kutia uzi.

Obiero aliposikia alikasirika, na ni haki kusema kwamba alikasirikia upande usiofaa. Kazi yake ni kusukuma mkokoteni wa maji, mitungi kumi kwa safari, kutoka bombani hadi kwenye hoteli za Kisumu Ndogo. Alijua mwezi usio na malipo ya Celine unafanana vipi.

"Wewe ndio umewekwa kuchunga ziwa?" akauliza. "Kuna maofisa, kuna polisi, kuna mwenye boti. Wewe ni fundi."

"Jina langu liko kwa kola."

"Uzi tu. Hata hiyo boti haijapinduka."

"Unataka ipinduke ndio niongee?"

Jumanne Celine alibaki nyumbani, na bila kumwambia, Obiero alikwenda Kawangware kumwombea msamaha. Alivaa shati la kanisani. Askari wa getini akapeleka ujumbe, akarudi akasema mzee anasema huyo wa maji angoje. Obiero akangoja kwenye jua, shati likashika jasho mgongoni, wapangaji wakipita na kumwangalia kama mtu aliyekuja kudai. Saa nzima ikapita kabla Muchiri hajatoka.

"Wewe ndio mzee wa Celine? Sawa. Kama mnataka tuelewane, saidia vijana kuingiza hayo magunia store. Tutaongea ukimaliza."

Magunia yalikuwa ya sponji. Obiero alibeba matatu kwa mpigo, yakawa mepesi kiasi kwamba alijiona mjinga kwa kukunja mikono ya shati. Akafika kwenye gunia la mwisho, lililolala chini ya mfereji wa paa, mahali ambapo manyunyu ya usiku yalikuwa yakidondokea. Akalishika kwa mkono mmoja kama yale mengine. Halikutikisika. Akalishika kwa miwili, akalisukuma kwa goti, na mgongo wake ukamwambia jambo ambalo mkewe hakuweza kumwambia. Miaka kumi na mmoja Obiero amekuwa akibeba maji. Uzito wa maji hakuna anayeweza kumdanganya.

Akasimama pale, mikono inatiririka. Akilini alimwona mkwewe, yule mama mkubwa mwenye kucheka kwa sauti, akiwa amefungwa gunia lile kifuani na kamba zimekazwa vizuri kwa mkono wa Celine. Akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo, akaondoka bila kuaga.

"Ei, Maji," Muchiri akaita. "Hatujaongea."

Obiero alikuwa ameshafika getini.

Jioni alimwambia mkewe neno moja tu kuhusu safari hiyo. "Unahitaji maji kiasi gani kumwonyesha huyo ofisa?"

"Pipa moja. Lakini pale Muchiri hatanipa hata kikombe. Kisima ni chake, na wauza maji wote wa ile mtaa wanachota kwake."

"Maji sijawahi kukosa," Obiero akasema.

Ofisa alifika Jumatano saa nne na gari la kazi, fomu na muhuri. Jina lake Jeconia, mtu wa miaka hamsini na ushee, mwenye viatu vilivyong'arishwa na sauti ya upole. Muchiri alimkalisha kivulini, akamletea chai na maandazi, akaanika majaketi kwenye turubai, kumi kumi. Jeconia akapita akihesabu kwa kalamu. Akapuliza filimbi mbili. Akavuta tepe. Akalishika lile la sampuli kwa heshima. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi na alikuwa anaipenda, kwa kuwa hesabu haimuulizi mtu swali.

Alikuwa amefika mia moja na arobaini Celine alipotoka kibandani na kusimama mbele yake.

"Ofisa, naomba moja tuiweke kwa maji."

Muchiri akacheka. "Huyu ni fundi. Nilimfukuza Jumatatu, hasikii."

"Hukunifukuza. Uliniambia nikuwe supavaiza," Celine akasema. "Basi nasupavaizi."

Mafundi wakaangalia chini kuficha vicheko. Muchiri akamwita askari wa geti, akamwambia mama huyu atolewe. Askari akaja, lakini nyuma yake geti lilikuwa limebaki wazi, na ndani likaingia gurudumu la mkokoteni. Obiero alikuwa ameondoka Kisumu Ndogo saa kumi na moja alfajiri na mitungi kumi na pipa tupu juu yake. Alipita Ngong Road akipigiwa honi na kila mwenye gari, akapinda Dagoretti Corner, akaingia Naivasha Road na askari wa kanjo, wale wa jiji, nyuma yake wakitaka kibali. Alishusha pipa katikati ya ua, akaanza kumimina, mtungi baada ya mtungi, bila kumsalimia mtu yeyote.

"Haya ni maji yangu," akasema alipomaliza. "Nimelipia."

Jeconia alimtazama yule mtu, akalitazama pipa, kisha fomu. "Mama, utaratibu hauna hii kitu," akasema. "Ninahesabu, naangalia filimbi, naangalia rangi. Basi."

"Wewe ni mtu wa wapi, ofisa?"

"Busia. Budalang'i, kule kwa mafuriko."

"Basi maji unayajua. Mtu akianguka, boti ya kumsaidia inachukua muda gani?"

Katika ujana wake, kabla ya kalamu na viatu vya kung'aa, Jeconia aliwahi kusimama ufuoni kwao kungoja binamu zake wawili ambao hawakurudi. "Saa moja," akasema. "Kama kuna mtu ameona. Kama hakuna, hata tatu."

"Mimi nakuomba nusu saa."

Jaketi tupu lisingethibitisha lolote, kila mtu aliliona hilo, na ni Mutheu aliyeinuka. Alitoka kibandani na pasi nzito ya makaa, akaifunga kwenye kamba za jaketi kwa fundo la fundi, halafu akarudi kusimama mahali pake. Hakumtazama bosi.

Jaketi likatiwa majini. Likaibeba pasi bila taabu.

"Si mmeona?" Muchiri akasema. "Piga muhuri tuende tukule nyama."

"Bado," Celine akasema. Akawa analisukuma chini na kuliachilia, chini na kuliachilia. Chai ya Jeconia ikapoa. Wapangaji walitoka vyumbani, wakasimama na ndoo zao tupu. Dakika kumi jaketi lilikuwa bado juu, na Celine akahisi macho ya wote mgongoni, akajiuliza kama pipa la nyumbani lilimdanganya. Dakika kumi na tano mabega ya jaketi yakaloa. Ya ishirini likainama upande mmoja, likatoa mapovu machache. Kisha pasi ikagonga chini ya pipa, na sauti yake kila mtu uani aliisikia.

Celine akazamisha mkono hadi begani, akaifungua, akaifunga kwenye jaketi la sampuli. Hilo alilisukuma vilevile, mara nyingi kuliko la kwanza, ili mtu asiseme amependelea. Likakaa juu. Wangekaa mpaka jioni lingekuwa bado juu.

"Hii moja ni ya kuonyeshwa," akasema. "Hizo mia moja sabini na tisa ni za watu."

Muchiri hakuwa anacheka tena. "Ofisa, fomu inasema nini kuhusu sponji?"

"Haisemi kitu."

"Basi piga muhuri."

Jeconia aliitazama fomu muda mrefu. Ilikuwa na mahali pa idadi, rangi, filimbi na tepe. "Hii karatasi haina mahali pa maji," akasema, kama anayelalamika kwa mtu ambaye hayupo.

"Andika pembeni," Celine akasema.

Akaandika pembeni. Mistari mitatu, herufi ndogo za kubanana, na jina lake chini. Muhuri aliurudisha mfukoni. Halafu akatoa simu, akampigia mwenzake wa ufuo wa Lwanda Rateng', na mbele ya wote akamwambia kwamba kuanzia kesho, kabla boti haijapakia, jaketi moja litupwe ziwani na kitu kizito, na wahesabu baadaye.

"Utajua hujui," Muchiri akamwambia Celine. "Hii Kawangware hutashona hata kifungo."

"Makasi yangu iko ndani," Celine akajibu. "Niichukue ama utaniletea?"

Aliichukua mwenyewe. Mutheu alikuwa kwenye cherehani na mikono mapajani. Hawakukumbatiana, hawakuagana kwa maneno mazuri. Mutheu alisema tu, "Ukisikia kazi mahali, nishtue," na ndani ya sauti yake kulikuwa na hasira ya kweli, na Celine aliikubali kwa kuwa ilikuwa yake kuipokea. Kisha akaungana na mumewe, wakausukuma mkokoteni wa mitungi mitupu pamoja hadi Kibera.

Alhamisi saa tano, simu ikalia. Celine alikuwa mlangoni anafua, bila kazi, bila uhakika wa mwezi ujao. Ilikuwa namba ya mama, na mama hakuanza kwa salamu.

"Umetuua," mama akasema. "Wamekuja hapa, wametupa jaketi majini na jiwe, limezama watu wote wakiona. Boti imezuiwa. Zote tatu zimezuiwa. Nyanya zangu kreti sita ziko hapa juani. Mwenye boti anamtukana ndugu yako. Na watu wananiuliza, huyu ndiye mtoto uliyemsifu kanisani? Mimi nitaweka wapi uso wangu?"

"Mama, uko wapi sasa hivi?"

"Kwani nitakuwa wapi? Niko kwa mchanga, nimekalia kreti."

Celine alifumba macho. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni hadi kwenye viwiko, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili aliweza kuvuta pumzi hadi mwisho.

"Basi kaa hapo hapo," akasema. "Nitukane."

Mama hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alianza na zile nyanya, akaingia kwenye soda ya Muchiri ambayo Celine mwenyewe alijisifia, akarudi nyuma hadi mtungi uliovunjika Celine akiwa darasa la pili. Celine alimsikiliza bila kumkatiza, mpaka salio la mama likaisha katikati ya neno. Akaifuta mikono kwenye leso, akatembea hadi dukani, akanunua salio la shilingi ishirini, akampigia mama ili amalizie.